Timazi na Mguu wa Bandia

Fundi wa nyumba za mawe katika pwani ya Malindi na Kilifi aweza kumwazima mwenzake mwiko, na aweza kumwazima nyundo. Lakini timazi yake hamwazimi mtu. Chombo chenyewe ni duni kwa kukitazama: uzi na kipande cha risasi mwishoni, basi. Walakini uzi ule ukining'inia bila kutikisika husema kweli isiyobishika, kwamba uzito wa kila kitu huelekea chini moja kwa moja, na ukuta ulioiacha njia hiyo siku zake zimehesabika. Sikudhani kuwa chombo hicho kina kazi katika kumtembeza mwanadamu, mpaka nilipokiona mkononi mwa fundi wa miguu ya bandia, amekiweka kwenye nyonga ya mzee mmoja mgema.

Mzee huyo alikuwa mtu wa kijiji kilicho karibu na Takaungu. Alianguka kutoka mnazini, mguu ukavunjika vibaya, kidonda kikaoza, akakatwa juu ya goti. Baada ya miezi mingi alipewa mguu wa bandia. Aliutumia kwa juma moja, kisha akautundika darini karibu na dema lake la kuvulia samaki, akayarudia magongo. Jamaa zake walisema ni mkaidi, nami nilisadiki hivyo. Tulikuwa tumemdhulumu. Lakini ili msomaji aelewe kosa lilikuwa wapi, yafaa turudi nyuma sana, maana jambo lililomshinda mzee wetu limewasumbua watu werevu kwa muda wa miaka mia nne na zaidi.

Aliyekatwa chini ya goti amepoteza wayo na kifundo, lakini goti lake mwenyewe lingali lamtumikia. Aliyekatwa juu ya goti hana budi kutengenezewa goti jingine, na goti ni kiungo kigumu kuiga. Mtu asimamapo lapaswa kuwa imara kama nguzo. Apigapo hatua lapaswa kukunjika kama bawaba ya mlango. Na mambo hayo mawili yapishane kila hatua, bila mwenyewe kufikiri. Goti likikunjika wakati wa kusimama, mtu huanguka. Likikataa kukunjika wakati wa kwenda, huukokota mguu au huuzungusha pembeni kama kasia. Ndiyo sababu mtu aliyekatwa juu ya goti huchoka katika safari fupi kuliko yule aliyekatwa chini yake.

Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi zikiwa na mizinga. Silaha za baruti, zilizokuja kuleta msiba mkubwa katika pwani yetu, huko Ulaya zilikuwa zikiwaletea matabibu kazi mpya, kwa kuwa upanga hukata lakini risasi huponda mfupa na kuingiza uchafu ndani ya nyama. Tabibu aliyepata sifa kuu katika kazi hiyo ni Ambroise Paré, Mfaransa aliyezaliwa yapata mwaka 1510. Mwaka 1552, katika mazingiwa ya Damvillers, aliifunga kwa uzi mishipa ya damu ya mguu uliokatwa, badala ya kuichoma kwa chuma cha moto. Baadaye alichapisha picha ya mguu wa bandia wenye goti, uliotengenezwa na fundi wa makufuli. Goti hilo lilifungwa kwa komeo wakati wa kutembea, na mwenye mguu akitaka kuketi huvuta ugwe uliopo pajani, komeo likafunguka. Kumbe suluhisho la kwanza lilikuwa kukata tamaa nusu: goti lisikunjike kabisa mtu anapokwenda. Paré alichora pia mguu mwingine, gongo la mti lisilo na goti, akaeleza kuwa huo ni wa maskini. Tofauti hiyo kati ya mguu wa tajiri na mguu wa maskini haijaisha hata leo.

Mwaka 1815, katika vita vya Waterloo, jemadari Mwingereza aliyeitwa baadaye Marquess wa Anglesey alipigwa kombora, akakatwa mguu juu ya goti. James Potts wa London alikuwa na mguu wa mti wenye kano za utumbo wa mnyama zilizotoka gotini hadi kwenye wayo, hata goti likikunjika vidole vya mbele viliinuka visijikwae. Mguu huo ukapata jina la jemadari, wala si la fundi, kama ilivyo desturi ya dunia. Mwaka 1861 kijana wa Kimarekani, James Hanger, alipoteza mguu juu ya goti mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alijifungia chumbani kwa miezi kadhaa akichonga mbao za pipa, akashuka ngazi akitembea. Mwingine ni Marcel Desoutter, rubani aliyekatwa mguu mwaka 1913 baada ya ajali ya ndege. Nduguye Charles alimtengenezea mguu wa madini mepesi yaliyotumika katika ndege, naye akarudi angani. Twaona ya kuwa wengi wa waliousogeza mbele ufundi huu walikuwa wenye kigutu wenyewe, au ndugu wa wenye kigutu. Mafundi waliokuwa na miguu yao miwili walisadiki upesi mno kwamba kazi imekwisha.

Wakati huohuo katika nchi ya Wagiriama miguu ilikuwa na kazi kubwa. Mekatilili wa Menza alikamatwa mwaka 1913 kwa kuwaongoza watu wake kukataa amri za serikali ya kikoloni, akahamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 walitoroka wakarudi pwani kwa miguu, safari ya mamia ya maili. Katika mwaka ule Vita Kuu ya kwanza ilizuka, na wapagazi walikusanywa kwa nguvu kila upande wa Afrika Mashariki. Huko Uingereza askari zaidi ya 41,000 walirudi wamepungukiwa na kiungo, na hospitali ya Roehampton ikafunguliwa mwaka 1915 kwa ajili yao. Hesabu ya wapagazi wetu waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Sembuse hesabu ya miguu yao.

Baada ya vita ya pili, iliyokwisha mwaka 1945, Wamarekani waliamua kuupima mwendo wa mwanadamu kama vile wahandisi wapimavyo daraja. Katika chuo kikuu cha California, mjini Berkeley, Charles Radcliffe na wenzake walichunguza njia ya uzito katika kila sehemu ya hatua. Jambo walilolithibitisha ni jepesi kulisema. Uzito wa mwili ukipita mbele ya pini ya goti, goti hujikaza lenyewe bila komeo. Ukipita nyuma yake, goti hukunjika. Basi usalama wa mtu aliyekatwa juu ya goti umo katika nafasi isiyozidi upana wa kidole, huku na huku ya uzi wa timazi. Fundi akiiweka pini mbele mno, mtu ataanguka sokoni. Akiiweka nyuma mno, mtu hataanguka, lakini goti litakuwa zito kukunjika, na kila hatua itakuwa kazi ya kuvuta mkokoteni.

Ufundi huo ulifika kwetu polepole. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya kilianzishwa mwaka 1958, na karakana za Bombolulu, Mombasa, zikafuata mwaka 1969. Mjini Moshi hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1981 chuo cha mafundi wa viungo vya bandia kikaanza hapo, kikifundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika. Kwa mtu wa Malindi, Mombasa yenyewe ilikuwa mbali, yapata kilomita 120. Tena mpaka mwaka 1991, lilipofunguliwa daraja la Kilifi, abiria walivuka hori kwa feri. Na mtu wa magongo ashukapo feri yenye utelezi ana habari ya kusimulia.

Habari nyingine kubwa ilitoka India. Yapata mwaka 1968 mjini Jaipur, fundi Ram Chandra Sharma, mtu aliyesoma kidogo lakini mwenye mkono wa ajabu, pamoja na daktari P. K. Sethi, walitengeneza wayo wa mpira uliofanana na wayo wa mtu, usiohitaji kiatu. Miguu iliyotoka Ulaya ilifikiria barabara ya mawe, kiti na buti. Watu wa Jaipur walikwenda peku, waliketi chini, walichuchumaa, walifanya kazi katika matope. Mtu wa pwani yetu akiyasoma hayo atadhani anasimuliwa habari za nyumbani kwake.

Hapo ndipo turudipo kwa mzee wetu. Fundi niliyemwona hakuanza kwa kuutazama mguu, bali kwa kumtazama mzee akienda nao. Alimsimamisha baina ya vyuma viwili vya kushikilia, akasema, "Mzee, wasikia wapi panapobana?"

"Mwanangu, hapabani," mzee akajibu. "Ila goti hili halinitaki."

Fundi hakucheka. Aliuliza mguu ule ulipofungwa mara ya kwanza mzee alivaa kiatu gani. Ikadhihirika kuwa alivalishwa buti la kuazima lenye kisigino kirefu, na kila kitu kikapimwa juu ya kisigino kile. Nyumbani mzee hana buti, huenda peku. Kisigino kilipoondoka, wayo ulikaa chini kwa nyuma na mguu wote ukaegemea nyuma, uzito ukapita mbele mno ya pini, na goti likakaza kama komeo la Paré. Juu ya hayo ilikuwako ardhi yenyewe. Mchangani kisigino huzama kabla ya vidole, mguu ukazidi kuegemea nyuma, hata kila hatua ikawa kama kupanda kilima. Mzee hakuwa mkaidi. Alikuwa akiupanda wayo wake mwenyewe kutwa nzima.

Lilikuwako na kosa la pili. Kwa miezi aliyokaa kitini akingoja, kigutu chake kilizoea kuelekea mbele, na misuli ya nyonga ikafupika. Aliyetangulia alikisimamisha kikombe cha paja wima kabisa, kana kwamba nyonga haina historia. Ili asimame, mzee alilazimika kuupinda mgongo, nao ukamuuma usiku. Tena kigutu hupungua unene kadiri miezi ipitavyo, na kikombe kilichokuwa sawa hapo kwanza kilikuwa sasa kinazunguka pajani.

Kwa hiyo fundi alifanya kikombe kipya. Alikizungushia kigutu vitambaa vya jasi iliyoloweshwa, akavishikilia kwa viganja mpaka vikakauka, akihakikisha kuwa mfupa wa kalio utapata ukingo wa kukalia, maana ndio uchukuao sehemu kubwa ya uzito. Ndani ya umbo hilo alimimina jasi nyingine, akaichonga ilipofaa kubana na kuiongeza ilipofaa kuachia, kisha akaifunika kwa plastiki iliyolainishwa tanurini. Kikombe kilipokuwa tayari alikiinamisha mbele kidogo, kwa kadiri nyonga ya mzee ilivyotaka. Akabadilisha wayo, akatia wa mpira wa mtu aendaye peku. Kisha akaitoa timazi, akaiteremsha toka nyonga hadi kifundo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya skrubu nne ndogo zilizo juu ya goti na nne nyingine chini yake. Hulegeza moja, hukaza ya mkabala wake, mzee akaenda hatua sita akarudi. Mwili ukiinamia upande wa mguu wa bandia, huenda mguu ni mfupi, au kikombe hakiushiki ubavu wa paja. Akiinuka kwa vidole vya mguu mzima, huenda wa bandia ni mrefu. Asubuhi ilikwisha hivyo. Adhuhuri fundi alimtoa mzee nje, penye mchanga, jambo ambalo mwenzake wa kwanza hakulifanya, akaanza kulegeza na kukaza upya.

Watu wakatwao miguu katika pwani hii hawapungui. Wako walioanguka minazini, wako waliogongwa barabarani, wako wenye kisukari, na wako walioumwa na kifutu shambani wakachelewa kupata dawa, ingawa tangu mwaka 1980 kituo cha nyoka cha Watamu kimekuwa kikifanya kazi ya kuwanusuru watu na sumu hiyo. Magoti yenye kompyuta ndani yake yamekuwa yakiuzwa tangu miaka ya 1990, lakini bei yake ni bei ya gari. Goti la mzee ni la pini moja.

Nilipita kijijini kwake baadaye, saa za jioni, wakati wagema washukapo. Mwanawe alikuwa mnazini. Nilimtafuta mzee barazani nikamkosa. Alikuwa amesimama mchangani chini ya shina, bila gongo, na kijana alipofika chini mzee alinyoosha mikono yote miwili, akakipokea kibuyu.