Taa ya Giaboksi ya Kuzukazuka: Utetezi wa Istilahi

Katika miongozo ya magari iliyotafsiriwa kwa Kiswahili hukutwa kirai kirefu, "taa ya onyo ya upitishaji inayowaka mara kwa mara", ambacho waliokitunga, kama ilivyo desturi ya kamati zisizowahi kuingia uvunguni mwa gari, walikusudia kitaje taa ya dashibodi inayojitokeza leo, ikapotea kesho, kisha ikarudi bila kubisha hodi. Ndani yake ni neno "onyo" tu linalostahili kubaki. Onyo linatokana na "onya", nalo "onya" ni "ona" lililonyambuliwa katika kauli ya kutendesha, kama "ponya" lilivyotoka katika "pona", hivyo kuonya kwa asili yake ni kumfanya mtu aone, na hakuna kazi nyingine ambayo taa ya dashibodi iliundiwa. "Upitishaji" ni neno la bungeni, inakopitishwa miswada. Chombo kinachobadilisha uwiano wa mizunguko kati ya injini na magurudumu huitwa giaboksi na kila fundi na kila dereva, na kulikataa neno hilo kwa kuwa ni la mkopo, huku "injini" na "gari" lenyewe yakiachwa kwa amani, ni usafi wa lugha usiojua unakoanzia.

Kosa kubwa zaidi limo katika "mara kwa mara". Maneno hayo kwa Mswahili humaanisha aghalabu, ilhali hitilafu inayozungumziwa yaweza kujitokeza mara mbili tu kwa mwezi, na mwenye gari anayeyaamini atasubiri izidi kabla ya kumwona fundi. Wapinzani wengine, wenye haraka ya kusahihisha kuliko ya kufikiri, wamependekeza "hitilafu ya vipindi", wakisahau kwamba kipindi, kiwe cha redio au cha darasani, kina ratiba, na waya uliolegea hauna. Wapo pia wanaosema "taa inayowaka na kuzima", na hao ndio waliopotosha zaidi, kwa sababu katika gari la zamani kuwaka na kuzima ni ujumbe mwingine kabisa. Katika Toyota nyingi za otomatiki za miaka ya 1990, taa iliyoandikwa O/D OFF ikiwaka mfululizo inaarifu tu kwamba kitufe cha kwenye wenzo wa gia kimebonyezwa na ovadraivu, yaani gia ya juu inayozungusha shafti ya kutokea kwa kasi kuliko injini, imefungwa. Taa hiyohiyo ikipepesa, kama jicho lipepesavyo, kompyuta imegundua kasoro katika sensa ya mwendo au solenoidi, ambayo ni vali inayofunguliwa kwa umeme. Kwa hiyo kupepesa ni namna ya taa kuwaka, na kuja na kutoweka kwa siku kadhaa ni tabia ya hitilafu yenyewe. Mambo mawili yasiyopaswa kugawana istilahi moja.

Istilahi inayotetewa hapa ni "kuzukazuka". Shina lake ni "zua", kutoa jambo lililokuwa limefichika, ambalo likitiwa kiambishi cha kutendeka huwa "zuka", kama "pasua" na "pasuka", na mtenda huondoka katika sentensi: jambo limezuka, wala hakuna aliyelizua. Uradidi, yaani kurudiwa kwa shina, huongeza maana ya tendo linalojirudia pasipo mpangilio, kama kila mtu asemavyo kwamba umeme unakatikakatika. Imewahi kudaiwa, kwa kejeli isiyostahili kikao cha wataalamu, kwamba neno hili linanuka uzushi na mizuka. Ukoo huo haukanushwi. Hitilafu inayotoweka fundi anapofungua boneti na kurudi akishaondoka ina haki zote za kuwa jamaa ya mzuka, ingawa chanzo chake ni joto linalotanua plagi ya waya, kutu kwenye vichwa vya nyaya, au ganda la waya lililosuguliwa na mtikisiko hadi likachanika.

Kuhusu matumizi, yatosha kueleza kwamba taa ya giaboksi ikizukazuka, kompyuta isomwe kabla betri haijachomolewa, kwa kuwa kuichomoa hufuta kumbukumbu (katika Toyota zilizotajwa, pini za TE1 na E1 za soketi ya uchunguzi huunganishwa kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa, na mipepeso minne ikifuatwa na miwili husomwa 42, yaani sensa ya mwendo), kisha oili ya giaboksi ipimwe kwa utaratibu wa mtengenezaji, maana Toyota hupimwa injini ikiunguruma na Honda ikiwa imezimwa, na plagi zisafishwe kabla giaboksi haijalaumiwa.