Shilingi yenye Kivuli

Huku Muthangari huwa naonyeshwa shilingi ya Mzee Kenyatta ya 1978, maandishi yana kivuli, na swali ni lilelile: hii ni doo ngapi?

Tangu Katiba ya 2010 ikataze sura za watu kwenye pesa, na twiga akachukua shilingi mwaka 2018, watu wanaamini kila sarafu ya zamani ni mali. Matapeli wa mtandaoni wanajua. Wanakuitisha ada ya kukagua, unatuma, wanapotea.

Kasoro ya kweli huanzia kwenye chuma cha kugongea. Kikichapwa mchoro mara mbili bila kulingana, kila sarafu kinayoigonga inatoka vilevile: herufi nene, ncha zimegawanyika. Ilitokea Philadelphia 1955, senti za Lincoln zaidi ya 20,000 zikaachiwa mtaani. Leo nzuri moja inapita dola 1,000.

Lakini chuma kikilegea, kinacheza kikigonga na kuikwangua herufi. Inabaki ngazi bapa inayong'aa, herufi yenyewe imekonda. Hiyo ni ya kawaida sana, bei yake ni shilingi moja. Nilizoonyeshwa mimi zote zimekonda.

Kaa dirishani na lenzi. Halafu tafuta ya pili yenye kasoro ileile.