Sehemu ya 3: Uvimbe wa taya uliotufungulia siri ya jeni



Baada ya sehemu ya pili, ile ya uvimbe mkali wa ubongo, wengi mmeniuliza hivi: "Nesi, mtoto hajavuta sigara wala hajanywa pombe, kansa imetoka wapi? Ni mimi nimemrithisha?"

Kwenye ubongo, wataalamu wanaziona jeni zilizoharibika, ila kilichoziharibu mara nyingi hakijulikani. Lakini ipo kansa ya watoto iliyofuatiliwa hatua kwa hatua, tena hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Inaitwa Burkitt. Twende nayo taratibu.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja, taya hivyo hivyo na tumboni uvimbe. Akaanza kupekua mafaili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri wiki 10 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Ramani ikajichora yenyewe. Ugonjwa uko kwenye joto na mvua nyingi, milimani kwenye baridi ni nadra. Wewe unayeishi bonde la Mkondoa unajua joto na mvua huleta nini. Mbu.

Mwaka 1964, London, Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Usishtuke: kirusi hicho karibu sote tunacho, tunakipata utotoni kwa mate, na wengi hakitudhuru. Kwa hiyo peke yake hakitoshi.

Sasa jeni. Ndani ya seli kuna kromosomu 46, yaani vitabu vya maelekezo. Kwenye namba 8 kuna jeni iitwayo MYC, kazi yake kuiamuru seli igawanyike. Kwa mgonjwa wa Burkitt, kipande cha namba 8 hukatika na kuhamia kwingine, mara nyingi namba 14, sehemu ambayo seli za kinga huitumia muda wote kutengeneza kingamwili. Hapo MYC inakuwa kama bomba lililovunjika koki: maji hayakatiki. Mwaka 1982 watafiti walithibitisha kwamba jeni inayohama ni hiyo.

Na malaria? Ikimrudia mtoto mara kwa mara, seli za kinga hulazimika kugawanyika na kukatakata jeni zao, na makosa huongezeka. Kirusi nacho huisaidia seli yenye kosa isife. North Mara, mwaka 1977 hadi 1982, watoto walipewa klorokwini kuzuia malaria. Burkitt ikapungua, ingawa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya dawa, ndiyo maana watafiti hawakutamba.

Kwa hiyo mama, jibu lako ni hili: kosa limetokea ndani ya seli moja ya mtoto, baada ya kuzaliwa. Hukumrithisha. Hajarogwa. Wala hamwambukizi mdogo wake.

Ila usichelewe. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Unaweza kuingia kwenye ubongo na uti wa mgongo, mtoto akaishiwa nguvu miguuni. Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake: seli zinazogawanyika haraka, dawa za kemo huzishika haraka. Burkitt mwenyewe, mtu wa kisu, aliona watoto wakipona kwa dawa miaka ile ya 1960.

Ukiona taya limevimba, meno yanalegea bila sababu, jicho linatokeza, tumbo linakua kwa kasi au miguu inalegea, usikae nyumbani ukisema ni jino. Nenda kituo cha afya. Ukipewa dozi na uvimbe unazidi, usisubiri dozi iishe, rudi uombe rufaa ya Morogoro. Huko wataamua kuhusu Muhimbili, ambako watoto wenye kansa wana wodi yao.

Na leo usiku, chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro.

Sehemu ya 4 tutazungumzia kipimo cha kukata kinyama, maana najua kinawatisha.