Mshahara, muda wa nyumbani na heshima: Mizani ya dereva wa lori anayechagua mwajiri

MADEREVA wengi wa malori ya masafa marefu huchagua mwajiri kwa kigezo kimoja tu: kiasi cha fedha wanachotajiwa siku ya kwanza. Miezi michache baadaye, baadhi yao hugundua kwamba fedha hizo hukatwa kila mwisho wa mwezi, likizo imekuwa ndoto na tajiri mwenye lori hana lugha nyingine ila matusi.

Kazi yenyewe si haba. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480 na hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170. Wengine huendelea hadi Kigali, Bujumbura, Juba na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Aidha, treni ya SGR ilipoanza kubeba makontena kati ya Mombasa na Nairobi mnamo 2018, malori yalipoteza sehemu ya mizigo hiyo na ushindani ukazidi.

Katika hali hiyo, mwenye shida hukubali lolote. Hata hivyo, yapo mambo matatu ambayo dereva anapaswa kuyapima kabla ya kupokea ufunguo wa gari.

Mshahara

Jambo la kwanza ni kutenganisha fedha za aina tatu ambazo waajiri wengi huzitaja kwa pamoja: mshahara wa kimsingi, malipo ya kila safari, na fedha za matumizi ya njiani. Hizi za mwisho ni za chakula, maegesho na malazi. Kampuni inayozihesabu kama mshahara inamlipa dereva kwa fedha za kazi yake yenyewe.

Chukua mfano wa kampuni mbili. Ya kwanza hulipa Sh40,000 kwa mwezi bila malipo ya safari. Ya pili hulipa Sh20,000 na kuongeza Sh8,000 kwa kila safari ya kwenda Kampala na kurudi. Dereva akimaliza safari tatu, kampuni ya pili itampa Sh44,000, naye atajiona mshindi. Lakini lori likikwama mpakani au likilala gereji, safari ikawa moja tu, ataambulia Sh28,000.

Isitoshe, dereva anapougua, anapoumia au anapokuwa likizoni, safari hazipo. Hubaki na mshahara wa kimsingi pekee. Ndiyo maana mshahara mdogo wenye marupurupu manono ni mtego kwa mwenye karo na kodi ya nyumba za kulipa kila mwezi. Amri ya serikali kuhusu mishahara ya kima cha chini humtaja dereva wa magari makubwa katika kundi lake mwenyewe, na kiwango cha sasa hupatikana katika ofisi ya leba.

Jambo la pili ni makato. Sheria ya Ajira ya 2007 humruhusu mwajiri kukata kiasi cha wastani kwa mali iliyoharibika au kupotea kutokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Pia husema kwamba makato yote kwa jumla yasizidi thuluthi mbili ya mshahara. Gurudumu lililopasuka kwa uchakavu si kosa la makusudi.

Mafuta ndiyo chanzo kikuu cha ugomvi. Kampuni hukadiria lita za safari nzima, na zikipungua, dereva hulipa. Inafaa kuuliza makadirio hayo hufanywaje. Lori lililopakia tani nyingi na kupanda kutoka usawa wa bahari hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu, halitumii mafuta sawa na lori tupu linaloteremka kurudi Mombasa.

Vilevile, dereva aulize ni nani hulipa faini mzani wa Mariakani, Mlolongo, Gilgil au Webuye unapoonyesha kwamba lori limepitisha uzito. Aliyepewa kontena lililofungwa kwa lakiri hakulipakia wala hakuona kilichomo ndani. Ni dhuluma kumtoza yeye.

Muda wa nyumbani

Wahenga wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Dereva naye ana ngama yake: mke au mume, watoto na wazazi ambao wengine humwona mara moja tu kwa wiki kadhaa.

Sheria humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Mwanamume anayejaliwa mtoto ana haki ya wiki mbili za likizo yenye malipo, na mwanamke ana miezi mitatu.

Tatizo ni namna siku hizo zinavyohesabiwa. Baadhi ya wasimamizi hudai kwamba dereva aliyekaa siku nne kwenye foleni ya Malaba au Busia alikuwa akipumzika. Huo si mapumziko. Analinda mzigo, analala ndani ya gari na hawezi kuondoka. Mnamo 2020, wakati wa upimaji wa corona mpakani, foleni zilienea kilomita nyingi na madereva wakakaa humo kwa siku kadhaa. Mkataba mwema husema wazi siku za kungoja zinalipwaje.

Dereva makini huuliza pia safari hupangwa na nani, ratiba hutolewa siku ngapi mapema, na kama lori hupewa mtu mwingine mwenyewe anapokwenda nyumbani. Jibu bora zaidi litatoka kwa madereva waliomo tayari. Akikutana nao Mlolongo au Salgaa, awaulize mara ya mwisho walilala kwao lini.

Heshima

Wengine hudhani heshima ni salamu na tabasamu. Kwa dereva wa lori, heshima hupimwa siku ya shida.

Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki hukataza kuendesha gari la biashara kwa zaidi ya saa nane kwa jumla katika kila saa 24. Msimamizi anayempigia dereva simu saa tisa za usiku akimhimiza aendelee huwa anamtaka avunje sheria. Ajali ikitokea na watu kufa, atakayesimama kizimbani ni aliyeshika usukani. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari vibaya huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 10. Msimamizi huyo hatakuwa pale.

Heshima ni pia kumsikiliza dereva anaposema breki zimelegea au magurudumu yamekwisha, bila kumtisha kwamba wapo wengi wanaoitafuta kazi hiyo.

Fauka ya hayo, kuna usalama. Mnamo 2021, madereva waligoma kwenda Juba baada ya wenzao kuuawa katika barabara za Sudan Kusini. Dereva anayekubali njia za nje ana haki ya kuuliza: nikikamatwa ugenini, nani atakuja? Nikiugua, nani atalipa hospitali? Nikifa, mwili utarudishwa na nani?

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 humlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Dereva aombe kuionyeshwa, na ahakikishe kwamba makato ya NSSF na bima ya afya ya SHA huwasilishwa kweli.

Kabla ya kutia sahihi

Kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mkataba wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandaa. Mzozo ukifika mahakamani na mwajiri akakosa kuutoa, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye. Muda wa majaribio nao hauzidi miezi sita mwanzoni, na hauwezi kurefushwa bila idhini ya mfanyakazi.

Kila dereva afungue daftari lake. Aandike tarehe ya kuondoka na kufika, siku alizokaa mpakani, lita za mafuta alizopokea, fedha alizopewa na zilizokatwa. Apige picha hali ya lori anapokabidhiwa, na aweke stakabadhi zote za mshahara.

Anayedhulumiwa anaweza kwenda kwa ofisa wa leba wa kaunti, chama cha wafanyakazi, au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Asichelewe, kwani kwa kawaida madai ya ajira hayapokewi baada ya miaka mitatu.

Hapo ndipo daftari lile litakapomfaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho la dereva ni mali.