Dinari ya Kirumi

Dinari ya Kirumi ni sarafu ya fedha iliyoanza kupigwa Roma mnamo 211 KK, wakati wa vita na Karthago, ikawa sarafu kuu ya fedha ya dola la Roma kwa zaidi ya karne nne. Dinari za awali zilikuwa na uzito wa gramu 4.5 hivi. Mbele zilikuwa na kichwa cha Roma, mungu wa kike aliyevaa kofia ya vita, na nyuma mapacha Castor na Pollux wakiwa juu ya farasi.

Mwaka 44 KK Julius Caesar alikuwa Mroma wa kwanza kuwekwa sura yake kwenye sarafu zilizopigwa Roma akiwa bado hai. Tangu enzi ya Kaisari Augustus, sura ya mtawala ikawa desturi. Dinari mashuhuri ya Kaisari Tiberius inamwonyesha amevaa shada la majani kichwani, na maandishi yanayomzunguka yanamtaja kuwa mwana wa Augustus aliyefanywa mungu. Upande wa nyuma wa sarafu hiyo mwanamke ameketi, ameshika fimbo na tawi. Wengi huichukulia kuwa ndiyo sarafu ya kodi inayotajwa katika Mathayo 22:19.

Mwaka 64 BK Kaisari Nero alipunguza uzito wa dinari na kiasi cha fedha ndani yake, na katika karne ya 3 BK ikatoweka polepole.