Arabuni, amana au advansi?

Mikataba ya mauziano ya viwanja inayochapwa kwenye steshenari za Dar es Salaam ina sentensi moja isiyokosekana. Tuseme kiwanja kiko Kigamboni na bei yake ni shilingi milioni 45. Sentensi itasomeka hivi: mnunuzi amemlipa muuzaji advansi ya milioni 15, na zilizobaki atamalizia ndani ya miezi mitatu. Muuzaji anasaini, mnunuzi anasaini, mashahidi wanaweka majina na dole gumba, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri. Mara nyingine hupigwa na picha, noti zikiwa zimetandazwa mezani.

Miezi mitatu inapita. Mnunuzi hana kitu.

Muuzaji anasema zile milioni 15 zimeliwa, kwa kuwa aliyevunja ahadi si yeye. Mnunuzi anataka zirudi zote, kwa kuwa kiwanja hajapewa. Wote wawili wanashika karatasi ileile na kunyoosha kidole kwenye neno lilelile, na neno lenyewe halimsaidii yeyote. Advansi ni pesa iliyotangulia, basi. Halisemi ilitangulia kwa kazi gani.

Wanasheria hutenganisha pesa za aina mbili ambazo kwa macho hazina tofauti. Ya kwanza hutolewa ili kuonyesha kwamba mnunuzi hafanyi mzaha: biashara ikikamilika inahesabiwa ndani ya bei, na mnunuzi akikimbia inabaki kwa muuzaji. Ya pili ni kipande cha bei kilicholipwa mapema. Biashara ikifa, kipande hicho hakina tena bei ya kuwa sehemu yake, kwa hiyo kwa kawaida hurudi kwa mwenyewe, muuzaji akibaki na haki ya kudai hasara aliyoipata. Hii ya pili Kiswahili kinaiita vizuri: malipo ya awali, au kianzio. Matata yako kwenye ile ya kwanza, ambayo kila mtu anaiita anavyojua.

Wengi wanasema dipoziti, na mwandishi wa mkataba akitaka Kiswahili safi anaandika amana. Hapo ametega mtego bila kujua. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze na umrudishie mwenyewe. Ndiyo maana benki inaitumia kwa akiba za wateja. Muuzaji anayeandika kwamba amepokea amana, kisha akataka kuizuia, anapingana na neno alilolichagua mwenyewe. Dhamana nayo inamtazamisha msomaji polisi na mahakamani. Madalali wanapenda kishika uchumba, na lazima ikubalike kwamba picha yake ni nzuri: pesa ndogo inayowazuia wachumba wengine wasibishe hodi. Lakini posa ikivunjika, nani anarudisha nini? Kila ukoo una jibu lake, na mkataba hauwezi kutegemea jibu la ukoo.

Neno sahihi lipo, na ni la zamani: arabuni, ambalo wengine hulitamka arbuni au rubuni. Limetoka katika Kiarabu, na lina ndugu katika Kiebrania na katika Kigiriki cha kale, jambo linaloonyesha lilivyosafiri na wafanyabiashara wa bahari ya Mediterania. Wakristo wanalisikia katika Waraka kwa Waefeso, katika tafsiri ya Biblia ya Union, ambako Roho anaitwa arabuni ya urithi: sehemu inayotolewa sasa kuhakikisha kwamba iliyobaki inakuja. Mtu anaweza kutabasamu akikumbuka kwamba kurubuni, kwa Kiswahili cha leo, ni kumshawishi mtu kwa hila. Aliyewahi kumpa dalali pesa ya kushikia nyumba huenda asione ajabu.

Neno hilo lina historia yake katika mauziano ya majengo hasa. Wakati wa Khalifa Umar, gavana wake wa Makka, Nafi, alinunua nyumba kwa Safwan bin Umayya ili iwe gereza. Sharti lilikuwa kwamba Umar akiridhia, mauziano yamepita; asiporidhia, Safwan apate mia nne. Wanazuoni wa Kihanbali waliitegemea habari hiyo kuhalalisha arabuni. Madhehebu mengine makubwa ya Kisunni, pamoja na Shafii yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, yaliikataa kwa hoja kwamba muuzaji anakula mali asiyoitolea chochote. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi liliikubali, kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwe na mwisho unaojulikana.

Mfumo wa Kifaransa una pande mbili. Kifungu cha 1590 cha sheria ya madai ya Ufaransa kinasema aliyetoa pesa hiyo akijitoa anaipoteza, na aliyeipokea akijitoa anarudisha mara mbili. Tanzania na Kenya hazikurithi kanuni hiyo. Mnunuzi wa huku anayetaka muuzaji kigeugeu alipe mara mbili ni lazima aiandike, na hata hapo mahakama inaweza kuipima isije ikawa adhabu tupu.

Tanzania ilirithi kutoka India. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ilitumika Tanganyika hadi 1961, na sheria iliyoipokea kijiti ilifuata mpangilio uleule, kiasi kwamba fidia iliyotajwa ndani ya mkataba inasimamiwa na kifungu cha 74 katika nchi zote mbili. Ndiyo sababu kesi moja ya Delhi inafaa kusomwa Dar es Salaam. Mwaka 1949 mtu alikubali kununua kiwanja na nyumba kwa rupia 112,500. Alitoa rupia 1,000 za arabuni, kisha 24,000 alipokabidhiwa eneo. Mauziano yalipovunjika, muuzaji alitaka kubaki na zote 25,000, kwani mkataba ulimruhusu. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya India ilimwachia ile 1,000. Zile 24,000 ilizitazama kama sehemu ya bei, na kutoka humo ikamruhusu fidia inayostahili tu.

Kubandika jina la arabuni juu ya pesa nyingi hakutoshi pia. Benki moja ya Jamaica iliuza jengo mjini Kingston kwa mnada na kudai asilimia 25 papo hapo. Mnunuzi alichelewa kidogo kumaliza salio, benki ikazuia pesa yote. Mwaka 1993 Baraza la Faragha la London, lililosikiliza rufaa ya mwisho, liliamuru irudishwe, benki ikibakiwa na haki ya kudai hasara itakayothibitika. Kiwango cha desturi, lilisema, ni asilimia 10. Anayetaka zaidi aonyeshe sababu ya pekee. Asilimia 10 ndiyo pia mawakili wa Kenya wameizoea. Huko pesa hukaa kwa wakili wa muuzaji hadi uhamisho ukamilike, na hapo ndipo neno amana linapopata mahali pake halisi: arabuni ya mnunuzi inakuwa amana mikononi mwa wakili.

Turudi Kigamboni. Mwandishi makini angezikata zile milioni 15 vipande viwili: milioni 4 na laki 5 ziwe arabuni, milioni 10 na laki 5 ziwe malipo ya awali, kila kipande na risiti yake. Angetaja tarehe ya mwisho pamoja na saa, na siku 14 za notisi ya maandishi kabla arabuni haijaliwa. Angeongeza kifungu cha mambo yasiyo kosa la mnunuzi: kibali cha uhamisho wa milki kikikataliwa, au mke wa muuzaji akikataa kutoa ridhaa yake kwa nyumba ya ndoa, ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka, basi arabuni na malipo ya awali vyote vinarudi, na itajwe ni ndani ya siku ngapi. Kifungu hiki cha mwisho wauzaji hawakipendi, kwa kuwa pesa ya advansi mara nyingi imeshanunua bati na saruji za nyumba nyingine kabla wino haujakauka. Ndiyo hasa sababu ya mnunuzi kukishikilia kabla hajahesabu noti.