Kinondoni na Temeke: Barabara Zilizonyimwa Mitaro

Masika yakianza, mafundi wa gereji za Tandika na Mwananyamala, Dar es Salaam, hawakosi kazi. Magari yanaletwa na shokapu zilizokufa, bushi zilizolika na rimu zilizopinda, na madereva wanailaumu mvua. Lakini mvua hiyohiyo inanyesha Oysterbay. Tofauti kati ya barabara ya kule na ya Tandale ilianza zamani, kwenye meza za wapimaji wa serikali ya kikoloni.

Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Oysterbay, iliyopangwa tangu miaka ya 1930, ilipewa viwanja vikubwa vyenye nafasi ya kutosha ya maji kupita na kunywewa na ardhi. Waafrika walipangiwa Kariakoo na Ilala, na baada ya Vita Kuu ya Pili, mji ulipozidi kujaa, zikaongezwa Magomeni, Temeke na Kinondoni. Mpango wa mji wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb, uliendeleza utaratibu huohuo wa kutenga maeneo. Huku Uswahilini viwanja vilikuwa vidogo na vimebanana, na njia nyingi zilikuwa za mchanga mtupu. Aliyepanga nyumba hizo alifikiria watu watakaotembea kwa miguu na kupanda baiskeli kwenda kazini. Magari hayakuwa kwenye hesabu yake, wala maji ya mvua.

Lami ilifuata barabara kuu nne zinazotoka mjini: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Nyuma yake watu walijenga wenyewe. Sensa ya 1957 ilihesabu wakazi 128,742. Ile ya 1967 ikakuta 272,821. Mwaka 1978 mkoa mzima ulikuwa na 843,090. Mpango wa mji wa 1968, kisha ule wa 1979, yote kazi ya wataalamu kutoka Kanada, ilichora barabara na maeneo ya wazi, lakini kufikia wakati wa kuitekeleza, Manzese, Tandale, Keko na Mtoni zilikuwa zimeshajaa nyumba. Njia ikawa ile nafasi iliyobaki kati ya ukuta na ukuta. Kwa kuwa ndiyo sehemu iliyo chini kuliko zote, maji nayo yalipita hapohapo. Barabara na mtaro vikawa kitu kimoja, na mpaka leo mitaa mingi iko hivyo.

Katikati ya mipango hiyo miwili ukaja mwaka 1972 na mpango wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kuusogeza uamuzi karibu na wananchi wa vijijini, lakini kwa miji gharama yake ilikuwa kubwa: halmashauri zilivunjwa, na kazi ndogondogo za kila siku, kama kuzibua mitaro na kuziba viraka, zikakosa mwenyewe. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, katika wakati mgumu kuliko ule zilipoondoka. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, vita vya Kagera vilikuwa vinaanza, na lami, ambayo hutokana na mafuta ghafi, ilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Mabasi ya UDA, shirika la usafiri wa umma la jiji, yalizidi kupungua barabarani. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi madogo ya watu binafsi, na daladala zikaanza kuingia kwenye mitaa ambayo hata greda lilikuwa halijafika.

Shimo huanza na ufa mwembamba. Lami iliyochoshwa na jua inapasuka, na maji yaliyotuama juu yake kwa kukosa pa kwenda yanapenya hadi kwenye tabaka la kokoto na udongo linaloibeba. Lori likipita, tairi linayabana maji yale, nayo yanaruka juu yakiwa na udongo laini. Kila gari linatoa kidogo. Chini panabaki uwazi, lami inadidimia, inameguka, na baada ya wiki chache dereva wa bajaji anatafuta pa kukwepea kwenye baraza za watu. Kiraka cha kudumu hukatwa kwa pembe nne mpaka kufikia sehemu ngumu; shimo linafagiliwa, linakaushwa, linapakwa lami nyepesi ya kushikisha, ndipo mchanganyiko wa moto unamwagwa na kushindiliwa. Mtaani mara nyingi kinachokuja ni toroli la kifusi, vipande vya matofali na vigae, linalosukumwa na vijana wanaowaomba madereva chochote. Vijana hao wanafanya kazi ambayo hakuna aliyejitokeza kuifanya, na wanastahili sarafu hiyo. Ila kifusi kilichomwagwa juu ya maji hakifiki mbali.

Ushahidi kwamba mambo yangeweza kwenda vingine upo Kinondoni kwenyewe, katika mtaa wa Hanna Nassif, kando ya bonde la Msimbazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa mtaa wa kawaida wa nyumba zilizojengwa bila mpango, na mafuriko yaliingia hadi vyumbani. Mwaka 1994 wakazi, kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani, UNDP, Mfuko wa Ford na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, walianza kujenga kwa mikono yao. Walianza na mitaro, kisha zikafuata njia za changarawe. Wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, ndio waliochimba, waliosomba mawe na waliolipwa ujira. Kikundi cha maendeleo cha mtaa kikapewa dhamana ya matunzo, na magari yaliyoingia yalitozwa ushuru mdogo wa kusaidia matengenezo. Kilichofanya mtaa huo uwe mfano ni mpangilio wa kazi: maji yalionyeshwa njia kwanza, na barabara ikapewa mtu wa kuiangalia.

Serikali nayo ilikuwa inatafuta jibu la swali la nani aiangalie barabara. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na badala yake ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, iliyofanya kazi hadi 2000, zilipozaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Katikati ya kipindi hicho El Niño ya 1997 na 1998 ilizisomba barabara nchi nzima. Bodi ya Mfuko wa Barabara ilianzishwa kwa sheria ya 1998, na TANROADS ikaanza mwaka 2000 kusimamia barabara kuu na za mikoa. Barabara ya Kilwa, kutoka Bendera Tatu hadi Mbagala Rangi Tatu, ilipanuliwa kwa msaada wa Japani. Njia za ndani zilibaki kwa manispaa, zenye mfuko mdogo na kilomita nyingi, mpaka Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulipoundwa 2017. Mwaka huohuo ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo dereva wa bodaboda wa Yombo anayelalamikia shimo analalamikia kitu alichokilipia kituoni asubuhi hiyo, na ana haki kamili ya kuuliza.

Mradi mkubwa uliozigusa njia hizo za ndani ni ule wa uendelezaji wa jiji, DMDP, ulioanza 2015 kwa mkopo wa dola milioni 300 kutoka Benki ya Dunia. Uliingia Tandale, Mwananyamala, Mbagala na Yombo ukiwa na lami, taa na mitaro ya zege, na awamu ya pili imefuata. Safari hii mtaro umechorwa pamoja na barabara. Sasa mitaro hiyo inajaa mchanga na chupa za plastiki, na inahitaji kuzibuliwa kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, mwaka baada ya mwaka. Fungu la kazi hiyo ndilo wenyeviti wa mitaa wanapaswa kuliulizia TARURA kwanza, kabla hawajaomba kilomita nyingine ya lami.